Maswali ya Kila Novemba: Kanuni za Masomo na Msaada kwa Mwanafunzi wa Chuo Kikuu Dodoma

Kila Novemba, mawingu ya kwanza yanapoanza kukusanyika juu ya vilima vya Dodoma na wageni wa mwaka wa kwanza wanaposhuka stesheni ya SGR na stendi ya Nanenane na magodoro yao, mlango wangu huanza kugongwa. Nafundisha kozi ya mwaka wa kwanza, na maswali huwa yaleyale. Nimeyakusanya hapa pamoja na majibu ninayoyatoa pale mlangoni.

Kilichonisukuma kuandika ni hiki: kati ya wanafunzi niliowaona wakirudi nyumbani bila shahada, wengi hawakushindwa masomo. Walinyamaza. Kanuni za vyuo vyetu zina milango mingi ya msaada, lakini karibu yote hufunguka kabla ya jambo kutokea au siku chache tu baada yake, na hufunguka kwa karatasi. Maneno ya mdomoni hayaingii kwenye faili.

Baadhi ya ninayoyasema yanatokana na miongozo ya Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania (TCU), kwa hiyo yanafanana chuo hadi chuo. Mengine hutofautiana. Kwa hayo, prospektasi na kanuni za mitihani za chuo chako ndizo zenye neno la mwisho. Zitafute wiki ya kwanza, uzisome ukiwa umetulia.

Mwalimu, krediti ni nini? Kwa nini kozi hii ina krediti 10 na ile 7?

Krediti moja ni saa 10 za kazi yako wewe mwanafunzi. Mwaka mmoja wa shahada ya kwanza una krediti 120, na shahada ya miaka mitatu ina 360. Kozi ya krediti 10 basi ni saa 100. Sasa hesabu: lekcha za saa mbili na semina ya saa moja kwa wiki 15 ni saa 45. Zile 55 zilizobaki hakuna atakayekuitia kengele. Ni za maktaba, za mazoezi, za kusoma kabla ya kuja darasani. Waliotoka kidato cha sita, walikozoea vipindi kutoka asubuhi hadi jioni, huona ratiba ya chuo ina nafasi nyingi wakadhani ni mapumziko.

CA na UE zinagawanywaje?

Kwa vyuo vingi, alama za tathmini endelevu, yaani CA, ni 40, na mtihani wa mwisho, yaani UE, ni 60. Ndani ya CA kuna testi, kazi za mtu mmoja, kazi za vikundi na mahudhurio ya semina, kwa mgawanyo ulioandikwa kwenye muhtasari wa kozi unaopewa siku ya kwanza. Muhtasari huo usiutupe. Ni mkataba kati yako na mwalimu: akija kubadilisha mgawanyo katikati ya muhula bila kulieleza darasa, una haki ya kuuliza.

Nataka nikae kidogo hapa, maana hapa ndipo wengi wanapojipoteza bila kujua. Chukua wanafunzi wawili. Mmoja ana CA ya 30, mwingine ana 18. Wote wanaingia UE na wote wanapata nusu, yaani 30 kati ya 60. Wa kwanza anafika 60, ambayo ni B+. Wa pili anaishia 48, ambayo ni C. Karatasi ileile, alama zilezile, na tofauti imetoka kwenye vikazi vya wiki ya nne na ya saba ambavyo mmoja aliviona vidogo. Huyo wa pili, ili naye apate B+, angehitaji 42 kati ya 60 kwenye UE, yaani asilimia 70. Nimesahihisha UE za kutosha kujua kwamba wanaofika huko ni wachache.

Kuna vyuo vilivyoweka kiwango cha chini cha CA, kwa mfano 16 kati ya 40, na asiyekifikia haruhusiwi kuingia UE ya kozi hiyo. Ulizia cha kwenu.

Jambo jingine: CA hubandikwa kwenye ubao wa matangazo au kwenye mfumo kabla ya UE, nawe unatakiwa kuikagua. Muhula mmoja nilimkuta binti amesimama mbele ya ubao, kidole kikishuka taratibu kwenye safu ya namba za usajili, kikafika kwake, kikasimama. Testi ya pili ilikuwa na mstari mtupu. Alikuwa na karatasi yake iliyosahihishwa, ameikunja ndani ya daftari, alama 14 kwa kalamu yangu nyekundu. Kosa lilikuwa langu wakati wa kunakili, na tulilirekebisha pale pale. Asingeitunza ile karatasi, ningelazimika kuanza kupekua marundo. Kwa hiyo tunza kila karatasi inayorudishwa, na ipige picha kwa simu.

Madaraja yanapangwaje, na GPA inapigwaje hesabu?

Kwa shahada ya kwanza, 70 na kuendelea ni A yenye pointi 5. Kuanzia 60 hadi 69 ni B+ yenye pointi 4, 50 hadi 59 ni B yenye 3, 40 hadi 49 ni C yenye 2. Chini ya hapo hujafaulu kozi: 35 hadi 39 ni D, na iliyobaki ni E. Programu za udaktari wa tiba zina utaratibu wake, msiuchanganye na huu.

GPA ni wastani wa pointi zako, lakini si wastani wa kawaida, maana kila kozi hupimwa kwa uzito wake. Zidisha pointi kwa krediti za kozi, jumlisha zote, gawanya kwa jumla ya krediti. Tuseme una kozi mbili tu, moja ya krediti 12 na nyingine ya 8. Ukipata A kwenye ile ya 12 na B kwenye ile ya 8, ni 60 jumlisha 24, gawanya kwa 20, unapata 4.2. Ukigeuza, B kwenye ya 12 na A kwenye ya 8, unapata 3.8. Kozi nzito ndiyo ya kulindwa, hata kama nyepesi ndiyo unayoipenda.

Daraja la kwanza huanzia 4.4. Daraja la pili la juu ni 3.5 hadi 4.3, la pili la chini 2.7 hadi 3.4, na kufaulu kwa kawaida ni 2.0 hadi 2.6. GPA hujengwa tangu muhula wa kwanza kabisa, pale ambapo bado unatafuta njia ya kwenda ukumbi wa lekcha.

Nikipata sapu nimekwisha?

Hapana. Sapu ni mtihani wa marudio kwa kozi usiyofaulu, na hufanyika kabla ya mwaka mpya wa masomo kuanza, mara nyingi Septemba. Ukifaulu, kwa kawaida daraja la juu kabisa utakaloandikiwa ni C, hata ukipata 80. Ukishindwa tena, kanuni za chuo chako zitaamua kama utaibeba kozi hiyo mwaka unaofuata (ndiko kukeri wanakokusema) au utarudia mwaka. Kudisko, yaani kuondolewa masomoni, huja pale GPA inaposhuka chini ya kiwango kilichowekwa au sapu zinapozidi idadi inayokubalika.

Ninachokuomba ni kimoja. Ukiona una sapu, usiende nyumbani ukafiche matokeo hadi Septemba. Njoo Julai hiyohiyo, kabla hujafunga begi. Nitakuonyesha ulikoanguka. Mara nyingi ni mada mbili tu, si kozi nzima.

Je, nikiumwa siku ya testi au ya UE?

Kama unaweza kusimama, nenda zahanati ya chuo kabla ya mtihani kuanza. Kama huwezi, mtume mwenzako wa chumbani au CR, yaani mwakilishi wa darasa, atoe taarifa idarani siku hiyohiyo. Kwa UE, barua ya kuomba kuahirisha mtihani hupita kwa Mkuu wa Idara hadi kwa Rasi wa Ndaki (mkuu wa koleji) au Amidi (mkuu wa skuli au kitivo), ikiambatana na cheti cha daktari. Ukikubaliwa, utaufanya wakati wa mitihani ya sapu lakini utahesabiwa kama mtihani wako wa kwanza, kwa hiyo A yako itabaki A. Hiyo ni tofauti kubwa sana na kushindwa, na wanafunzi wengi hawaijui.

Usiingie chumba cha mtihani ukiwa na homa ukitumaini kwamba mambo yakiharibika utaleta cheti baadaye. Ukishaketi na kusaini, umefanya.

Kijana mmoja alishikwa na malaria kali wiki ya testi, ndugu zake wakaja kumchukua wakampeleka kwao upande wa Kondoa. Alirudi baada ya siku 11, amekonda, hana cheti chochote. Alichokuwa nacho ni bahasha ndogo ya dawa ya karatasi ya kaki, juu yake mtu ameandika kwa kalamu "4 x 2" na tarehe. Alikuwa karibu kuitupa. Nikamwambia hiyo ndiyo kamba yako. Tarehe ile ilimwezesha kurudi kwenye kile kituo cha afya, wakafungua daftari la wagonjwa, wakamwandikia barua yenye muhuri. Testi alifanya. Kwa hiyo ukiugua ukiwa mbali, kabla hujaondoka kituoni omba kipande cha karatasi chenye jina lako, tarehe na muhuri.

Bima ya afya ni jambo la kukamilisha wakati wa usajili wa kwanza. Kwa miaka mingi mchango wa mwanafunzi kwa NHIF, yaani Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya, umekuwa shilingi 50,400 kwa mwaka. Usione ni fedha ya kuokoa. Hospitali ya Benjamin Mkapa iko jirani na vilima vya chuo, na anayefika pale na kadi hapokelewi sawa na anayefika akihesabu noti.

Na nikifiwa?

Pole sana. Nenda ukazike. Kabla ya kupanda basi, tuma ujumbe kwa CR na kwa Mshauri wa Wanafunzi ukitaja nani amefariki, wapi, na unatarajia kurudi lini. Ukirudi, lete barua ya mtendaji wa kijiji au wa mtaa, au ya kiongozi wa dini. Watu huona aibu kuomba barua msibani, lakini watendaji wanaielewa kazi hiyo.

Bumu (fedha ya mkopo ya kujikimu) halijaingia na sina hata nauli. Nifanyeje?

Kwanza, tazama kama tatizo ni lako peke yako au ni la wote. Kama ni la wote, serikali ya wanafunzi ina waziri anayeshughulikia mikopo na taarifa hupatikana kwake haraka. Kama ni lako peke yako, karibu kila mara ni mojawapo ya haya: hukusaini, namba ya akaunti ina kosa, usajili wako wa muhula haujakamilika, au matokeo yako ya mwaka uliopita hayajafika Bodi ya Mikopo. Yote manne hushughulikiwa kwenye dawati la mikopo hapohapo chuoni. Huna haja ya kumlipa mtu yeyote "akufuatilie", na anayekuomba namba ya siri ya akaunti yako kwa kisingizio hicho ni mwizi.

Fedha ya chakula na malazi ilipandishwa mwaka 2022 kutoka shilingi 8,500 hadi 10,000 kwa siku. Awamu ya siku 60 ni shilingi 600,000, na kijana ambaye hajawahi kushika kiasi hicho mkononi huhisi ametajirika. Nimewaona waliomaliza yote kwa wiki tatu kwa simu mpya, kisha wiki sita wakawa wanakula kwa mkopo kwa mama ntilie. Lipa chumba kwanza, kisha ukubaliane na mama ntilie umlipe wali na maharage vya mwezi mzima mapema. Wengi wao hukubali.

Kama hali imefika mahali unashinda na njaa, mwone Mshauri wa Wanafunzi. Huwa wana njia za dharura zisizotangazwa, na jumuiya za dini chuoni pia huchangiana kimyakimya. Na tafadhali niambie mimi. Mwanafunzi anayesinzia lekcha ya saa nne asubuhi kwa njaa hufanana kabisa na mwanafunzi mvivu, nami sitaki kukuhukumu vibaya.

Ukiahirisha mwaka kwa sababu yoyote, hakikisha dawati la mikopo limepata nakala ya barua ya ruhusa. Bodi hulipa kwa aliyesajiliwa, na kurudi kwenye orodha bila barua hiyo ni safari ndefu.

Kiingereza kinanishinda. Ninaelewa ukieleza kwa Kiswahili, lakini kwenye karatasi siwezi. Je, nitafaulu?

Swali hili huulizwa kwa sauti ya chini kuliko yote, mara nyingi mlango ukiwa umeshafungwa. Umesoma shule ya msingi kwa Kiswahili, ukabadilishiwa lugha kidato cha kwanza, ukafika hapa ukiwa umekariri zaidi ya ulivyoelewa. Wewe si mjinga. Umebebeshwa mzigo wa pili juu ya wa kwanza, na nusu ya darasa wanaubeba pamoja nawe ingawa hakuna anayesema.

Ninachowashauri ni hiki, na nimeona kikifanya kazi. Chukua aya moja ya kitabu. Isome mara mbili, funika kwa kiganja, kisha mweleze mwenzako kwa Kiswahili, au kwa Kigogo kama ndiyo lugha ya nyumbani. Ukikwama, hukuelewa, rudi usome. Ukiweza kueleza, ndipo uandike sentensi tatu za Kiingereza fupi. Fupi kabisa: mtenda, kitendo, sababu. Fanya hivyo kila siku kwa aya moja. Mwisho wa muhula una daftari lenye aya zaidi ya 80 ulizoziandika mwenyewe, na hizo ndizo zitakazokuja kidoleni siku ya mtihani.

Kozi ya stadi za mawasiliano, ambayo wengi huidharau kama ya kujaza ratiba, imewekwa kwa ajili yako. Nenda semina zake zote. Peleka insha zako za kozi nyingine kwa mwalimu wake azione.

Darasani kwangu ukiuliza kwa Kiswahili nitakujibu. Mtihani utakuwa kwa Kiingereza kwa sababu kanuni inasema hivyo, lakini hakuna kanuni inayokukataza kuelewa kwa lugha yako.

Kwenye kikundi chetu watu wawili hawafanyi kazi. Tuandike majina yao?

Andika majina ya waliofanya. Kabla ya hapo wape onyo kwenye kundi la WhatsApp la kazi hiyo, ili liwe na tarehe. Wakilalamika, nitaomba kuona mazungumzo hayo.

Nikitumia akili mnemba kuandika kazi, utajua? Na Turnitin inataka asilimia ngapi?

Turnitin ni programu inayoonyesha kiasi gani cha maandishi yako kinafanana na yaliyokwisha kuandikwa mahali pengine. Vyuo huweka kikomo, lakini namba peke yake haisemi yote. Asilimia 20 inayotokana na marejeo na majina ya sheria haina shida. Asilimia 8 ambayo ni aya moja nzima iliyobebwa bila kumtaja mwenyewe ni wizi wa kitaaluma, na adhabu yake inaweza kuanzia sifuri ya kazi hiyo hadi kufukuzwa.

Kuhusu akili mnemba, soma muhtasari wa kila kozi, kwa sababu walimu tunatofautiana. Kwangu unaweza kuitumia ikueleze dhana usiyoielewa au ikukosoe sarufi, na useme mwishoni mwa kazi kwamba umeitumia na kwa lipi. Kukuandikia hoja, hapana. Nimesahihisha kazi iliyotaja vitabu vitano, nikaenda kuvitafuta, vitatu havijawahi kuandikwa na mtu yeyote. Mashine ilivibuni, na mwanafunzi hakufungua hata kimoja. Nilipomuuliza hoja yake kuu ni ipi, alitazama sakafu. Sikuhitaji programu yoyote ya kunijulisha.

Kama ulikosa vitabu, vipo. Vyuo vyetu vingi vimejiunga na Research4Life, inayofungua majarida ya kisayansi bila malipo kwa nchi kama yetu, ila lazima uingie kupitia maktaba ya chuo. Mwone mkutubi akupe njia ya kuingia. Wakutubi wetu ni watu wenye moyo wa kusaidia, na siku nyingi nawakuta peke yao.

Siku ya UE nije na nini?

Kitambulisho cha chuo, hati ya kuruhusiwa kufanya mtihani kama chuo chako hutoa, na kalamu mbili. Simu iache bwenini. Simu iliyozimwa ndani ya suruali bado ni kosa, na wasimamizi hawana namna ya kukusamehe hata wakitaka. Hakikisha unasaini karatasi ya mahudhurio. Alama zikipotea, saini hiyo ndiyo shahidi wako kwamba uliketi.

Nina ulemavu. Nitajieleza kwa nani?

Jieleze wakati wa usajili, kwa dawati la wanafunzi wenye mahitaji maalumu au kwa Mshauri wa Wanafunzi, kisha kwa kila mwalimu wa kozi. Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inakupa haki ya kusoma kwa mazingira yanayokufaa, kwa hiyo hapo huombi hisani. Muda wa ziada kwenye mtihani, mkalimani wa lugha ya alama, karatasi ya nukta nundu, mwandishi, ukumbi wa chini badala ya ghorofa ya tatu: yote huweza kupangwa, lakini hupangwa kabla.

Mfano mdogo. Mwanafunzi mwenye ualbino aliniambia wiki ya pili tu kwamba haoni herufi za kawaida na kwamba mwanga wa dirishani unamuumiza macho. Ilinichukua dakika moja kuongeza herufi za karatasi yake hadi ukubwa wa 18, na kiti chake tukakiweka mbele upande wa ukutani. Angeniambia asubuhi ya mtihani, karatasi zingekuwa zimeshachapwa na kufungwa kwa lakiri.

Testi imepangwa Jumamosi nami ni Msabato. Au imepangwa Ijumaa saa saba mchana.

Niambie ndani ya wiki mbili tangu ratiba itoke. Testi ninaipanga mwenyewe, nitaisogeza. Ratiba ya UE haiko mikononi mwangu, hiyo andikieni mapema kupitia jumuiya yenu ya dini.

Nina mimba na nitajifungua karibu na mitihani. Nitafukuzwa?

Hapana. Una njia mbili: kuahirisha mitihani ya muhula huo tu, au kuahirisha mwaka. Barua ya kliniki yenye tarehe ya makadirio ndiyo kiambatanisho. Usisubiri uchungu. Na usione haya kuja kwangu na tumbo lako. Wapo waliojifungua Juni na wakavaa joho pamoja na wenzao.

Mwalimu ananiambia nitafaulu tu nikikubali kutoka naye. Nimwambie nani?

Hiyo ni rushwa ya ngono. Kifungu cha 25 cha Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007 kinaitaja kuwa kosa la jinai, na mkosaji ni yule mwenye mamlaka. Wewe hukukosa kwa kuvaa hivi au kwa kwenda ofisini kwake kuuliza alama.

Usifute ujumbe wowote. Piga picha za skrini zenye tarehe na namba, mtumie mtu unayemwamini azihifadhi. Andika siku, saa na mahali, maneno yaleyale aliyosema, ungali unayakumbuka. Usikubali kukutana naye peke yako ili "kupata ushahidi". Hiyo ni kazi ya wapelelezi. Kisha nenda dawati la jinsia la chuo, au kwa Mshauri wa Wanafunzi, au moja kwa moja TAKUKURU, taasisi ya kupambana na rushwa, kwa kupiga 113 bila malipo. Hulazimiki kuanzia idarani ambako mhusika ana marafiki. Unaweza pia kuomba karatasi yako ya mtihani isahihishwe na mtu mwingine.

Wanaume nao hutokewa na hili. Njia ni ileile.

Silali, nasoma haiingii, nalia bila sababu. Lakini nikienda kwa mnasihi si watasema mimi ni wa Mirembe?

Najua neno hilo linavyotumika mjini hapa na nchi nzima. Mirembe ni Hospitali ya Taifa ya Afya ya Akili, iko hapahapa Dodoma, na inatibu watu wakapona wakarudi kazini. Sisi ndio tuliogeuza jina lake kuwa tusi.

Ofisi ya unasihi ya chuo ni kitu kingine. Unaingia, unakaa, unaongea, na unayoyasema hayapelekwi kwa walimu wako wala kwa wazazi. Mimi nikikuelekeza huko, sitajua ulisema nini. Wengi wanaokwenda ni wanafunzi wa kawaida kabisa waliolemewa: amefiwa na mama, ameachwa, ametoka shule aliyokuwa wa kwanza akajikuta wa 90, anatumiwa ujumbe na wadogo zake wanaodai ada. Kama unapata mawazo ya kujidhuru, usisubiri siku ya miadi. Mwambie mtu aliye karibu nawe sasa hivi, na twende zahanati pamoja. Nimeshatembea njia hiyo na wanafunzi usiku, nikihitajika nitatembea tena.

Matokeo yangu hayaonekani kwenye mfumo, au naona nimeonewa.

Alama zisizoonekana: anza kwa mwalimu wa kozi ndani ya wiki hiyo, na uwe na zile picha za karatasi zako. Usiziache hadi mwaka wa tatu. Nimewaona watu wamevaa joho huku wakikimbizana na alama za mwaka wa kwanza ambazo mwalimu wake ameshahama.

Kuonewa: rufaa ya kusahihishiwa upya ina muda maalumu tangu matokeo kutangazwa, na ina ada. Kabla ya kulipa, omba mwalimu akueleze ulivyopoteza alama. Ukiona maelezo hayatoshi, kata rufaa bila hofu. Sijawahi kumchukia mwanafunzi kwa sababu hiyo.

Nataka kubadilisha programu.

Dirisha lake ni fupi, wiki chache za mwanzo, na utahitaji kuwa na sifa za kidato cha sita za huko unakokwenda na nafasi iwepo. Ofisi ya udahili ndiyo yenye jibu. Usiache kuhudhuria lekcha za programu uliyonayo hadi barua itoke.

Nikija ofisini kwako niseme nini?

Jina, namba ya usajili, kozi, na jambo lako. "Shikamoo" inatosha, huna haja ya kuomba radhi mara tatu. Njoo na daftari na kile ulichojaribu mwenyewe, hata kama umekosea. Nikiona ulipokwama tunamaliza kwa dakika 10. Jumanne na Alhamisi kuanzia saa nane mchana mlango uko wazi. Siku nyingine ukikuta umefungwa, kuna daftari dogo limefungwa kwa kamba kwenye kitasa, na kalamu yake. Andika namba yako ya simu na mstari mmoja. Hulisoma kila jioni kabla sijashuka kilimani, na hupiga simu kabla ya saa mbili usiku.